Mepo mwekundu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuupanda na kuutunza

Maswali mengi kuhusu mepo mwekundu (kwa Kiingereza red maple) huanzia juu, kwenye majani: yamegeuka njano, yamekauka kingo, mwaka huu hayakuwa mekundu kama mwaka jana. Majibu yake mara nyingi yako chini, pale shina linapoingia udongoni. Nimepanda miti hii, nimeua miwili, na nimeng'oa mingine ya watu ili nione kilichoiua. Karibu kila mara kosa lilifanyika siku ya kupanda, tena na mtu mwenye nia njema na beleshi mkononi. Kwa hiyo usishangae jibu likikurudisha kwenye shina hata pale ulipouliza habari za majani. Miezi inayotajwa humu ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Aliye kusini aongeze sita.

Mepo mwekundu ni mti wa wapi, na unafika ukubwa gani?

Kwao ni mashariki ya Amerika Kaskazini: kuanzia Newfoundland huko Kanada hadi Florida, na upande wa magharibi hadi Minnesota na mashariki ya Texas. Mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus aliupa jina la Acer rubrum mwaka 1753, na hilo rubrum maana yake ni "nyekundu" kwa Kilatini. Jimbo la Rhode Island limeufanya mti wake rasmi. Msituni huota kwenye kinamasi kilichojaa maji na pia kwenye mgongo wa kilima kikavu, jambo ambalo miti michache hulimudu. Katika karne iliyopita ulizidi kuenea huko kwao, kwa sababu moja ya wazi: watu walianza kuzima mioto ya misituni, na mti huu, wenye gome jembamba, ulikuwa ukiteketea mapema kuliko mialoni.

Bustanini tegemea urefu wa mita 12 hadi 18 na kivuli chenye upana wa mita 9 hadi 15. Msituni, ukigombea mwanga, hupita mita 25. Ukishashika vizuri huongezeka sentimita 30 hadi 60 kwa mwaka. Kuishi miaka 80 hadi 100 ni kawaida; kupita 150 ni nadra.

Ni mwezi wa saba na majani ni ya kijani kabisa. Nimeuziwa mti mwingine?

Hapana, huo ndio wenyewe. Wekundu wa mti huu huja kwa zamu. Wakati wa baridi macho ya matawi, yaani vichipukizi ambavyo havijafunguka, ni mekundu. Mwezi wa tatu au wa nne hutoka maua mekundu madogo kabla jani lolote halijafunguka, kisha mbegu zenye mabawa, nazo mara nyingi nyekundu. Majani yenyewe huiva rangi mwezi wa tisa au wa kumi. Katikati ya joto kinachobaki chekundu ni kikonyo tu, kile kijiti kinacholishika jani tawini.

Mti unaokaa na majani ya rangi ya zambarau iliyokolea tangu yafunguke hadi yaanguke ni mwingine. Mara nyingi ni mepo wa Norwe wa aina ya 'Crimson King', au mepo wa Japani, ambao ni mdogo zaidi. Wapo wauzaji wanaoita yote hiyo "mepo mwekundu", na si lazima wawe wanadanganya, wekundu wameuona. Ndiyo maana unaponunua soma jina la Kilatini kwenye kibandiko.

Ukitaka uhakika, chuma jani. La mepo mwekundu lina pembe 3 hadi 5, kingo zenye meno madogo kama ya msumeno, na bonde lililochongoka kati ya pembe na pembe, kama herufi V. Ligeuze: upande wa chini una weupe kama uliopakwa unga. Mepo wa sukari hauna meno hayo, na mabonde yake ni ya mviringo kama U. Mepo wa fedha una mabonde yaliyozama sana, karibu yaguse mshipa wa katikati. Mepo wa Norwe ukivunja kikonyo chake hutoa maziwa. Na lile jani la bendera ya Kanada lenye ncha 11 ni mchoro tu. Usilitumie kutambulia mti.

Unaweza kuota mahali pasipo na majira ya baridi?

Kwa jumla, hapana. Mti huu unahitaji wiki kadhaa za baridi ili macho yake yalale kisha yaamke kwa pamoja. Penye joto mwaka mzima, mche unaweza kuishi miaka michache ukiwa umedumaa, majani yakichipua tawi hili leo na lile mwezi ujao, na rangi haiji. Upande wa baridi kali hauna tatizo: miti yenye asili ya kaskazini hustahimili hadi nyuzi 40 chini ya sifuri.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, nalo ni asili ya mbegu. Mepo mwekundu wa Florida na ule wa Minnesota ni aina moja kwa jina, lakini kila mmoja umezoea kalenda yake. Wa Florida unatosheka na baridi kidogo sana. Ukiupeleka Minnesota utaganda. Wa Minnesota ukishushwa Florida utakaa ukingoja baridi isiyokuja. Muulize mwenye kitalu mbegu au vipandikizi vilitoka wapi. Asiyejua jibu, nenda kwa mwingine.

Kuna aina nyingi zenye majina. Nichague ipi?

'October Glory' hubadilika rangi kwa kuchelewa na hushika majani muda mrefu, kwa hiyo unafaa zaidi sehemu zenye kipupwe chepesi. Kaskazini sana baridi inaweza kuuwahi kabla haujaiva. 'Red Sunset' hutangulia kidogo na una matawi yaliyoshikamana vizuri na shina. 'Armstrong' umenyooka na ni mwembamba kama nguzo, wa kupandwa palipobana. 'Brandywine' ni dume, hautoi mbegu, jambo ambalo mwenye kusafisha mifereji ya paa atalishukuru.

'Autumn Blaze', unaouzwa sana, ni chotara wa mepo mwekundu na mepo wa fedha. Unakua haraka na rangi yake haina mzaha, lakini umerithi pia matawi yanayopasuka upepo ukivuma. Mimi siupandi karibu na nyumba.

Chochote utakachochagua, pendelea mti uliokuzwa kwa mizizi yake wenyewe (kutokana na kipandikizi au maabara) kuliko uliobebeshwa juu ya shina la mwingine. Katika mepo mwekundu kiungo cha kubebesha kimekuwa na historia ya kukataana baada ya miaka, mti ukavunjika palepale penye kiungo.

Naweza kuuotesha kwa mbegu?

Ndiyo, na ni rahisi kuliko mepo nyingine nyingi. Nyingi hukomaza mbegu majani yanapopukutika, nazo hulala hadi mwaka unaofuata. Mepo mwekundu hukomaza mwishoni mwa majira ya kuchipua, na mbegu nyingi ziko tayari kuota palepale.

Subiri mabawa yaanze kugeuka rangi ya kahawia na mbegu zianze kuanguka zenyewe. Ziokote siku hiyo hiyo. Kila moja ina bawa la sentimita 2 hivi, na kwenye shina la bawa kuna kinundu. Kibonyeze kwa kucha. Kikiwa kigumu kimejaa, panda. Kikibonyea, tupa, ndani hakuna kitu. Zitandaze juu ya udongo tifutifu wenye unyevu, uzifunike kwa udongo usiozidi nusu sentimita, na usiache pakauke. Mzizi mweupe unaweza kuchungulia ndani ya wiki moja au mbili. Majani mawili ya kwanza ni marefu, hayana meno, wala hayafanani na mepo. Watu huyang'oa wakidhani ni magugu. Ngoja jozi ya pili.

Ila mche wa mbegu haukuahidi rangi. Mama anaweza kuwa mwekundu kama moto na mtoto akatoka wa njano. Anayetaka rangi fulani anunue aina yenye jina.

Nipande wapi na lini?

Panda majani yakishapukutika, au mapema sana kabla macho hayajafunguka. Mti uliolala hauna majani ya kunywesha, kwa hiyo mizizi hupata nafasi ya kujishikiza.

Mahali pawe na jua la moja kwa moja saa 6 au zaidi kwa siku. Kivulini utaishi, lakini rangi itapungua na matawi yatachuchumia mwanga. Kaa mbali na nyumba mita 6 hivi, na mbali na njia ya saruji angalau mita 3, kwa sababu mizizi yake haizami, hutambaa juu juu. Usipande chini ya nyaya za umeme. Utaishia kuukata kichwa.

Udongo uwe na tindikali kidogo, pH ya kati ya 4.5 na 6.5. Ukipita 7 jiandae kwa majani ya njano, jambo tutakalolifikia. Pima kabla ya kununua mti, si baada. Udongo wa mfinyanzi hauusumbui mti huu, maji yanayotuama kwa muda hayausumbui pia. Palepale panapoua miti mingine kwa maji, huu unaweza kustawi.

Nipandeje ili nisiharibu?

Hapa ndipo pa kukaa. Soma polepole.

Mti ukifika kutoka kitaluni, usiamini mstari wa udongo uliomo ndani ya chombo. Miti mingi huwa imezikwa huko huko kitaluni, kila inapohamishwa chombo inaongezewa udongo kidogo juu. Piga magoti, ukwangue udongo kwa vidole kuzunguka shina. Unatafuta mahali ambapo shina linaacha kuwa nyoofu kama nguzo na kuanza kutanuka kama mguu wa tembo, kisha mizizi mikubwa ya kwanza inagawanyika. Hapo ni shingo ya mti. Mara nyingine iko chini sentimita 2. Mimi nimeikuta chini sentimita 15. Udongo wote ulio juu yake ondoa, pamoja na vimizizi vyembamba vilivyoota ndani yake.

Kisha angalia mizizi inavyoelekea. Iliyokua chomboni huzunguka ukuta wa chombo, na ukiipanda hivyo itaendelea kuzunguka. Shina linanenepa, mzizi nao unanenepa, na baada ya miaka kumi unalikaba shina kama kamba iliyosahauliwa shingoni mwa ndama. Mepo mwekundu una tabia hii kuliko miti mingi. Kata kwa mkasi mkali kila mzizi unaozunguka, mingine inyooshe kwa mkono itazame nje. Ukipata donge limejaa mizizi kama mkeka, chukua msumeno ukate pande zote nne, kina cha sentimita 2 au 3. Roho itakuuma. Kata tu.

Shimo liwe na upana mara 2 au 3 ya donge la mizizi, lakini kina kisizidi donge lenyewe; mti ukae juu ya udongo ambao haujachimbwa, la sivyo utatitia. Shingo iwe usawa wa ardhi au juu yake kidogo, sentimita 2 au 3. Mti ulioletwa na donge lililofungwa gunia na waya, ondoa vyote hivyo angalau nusu ya juu baada ya kuuweka shimoni. Rudisha udongo uleule uliotoka. Kujaza shimo mboji nzuri ni kosa tamu: mizizi hukuta anasa humo na haitaki kutoka.

Mti wa kwanza nilioua niliuzika. Niliutoa kitaluni ukiwa na mstari wa udongo, nikauamini mstari, kisha nikaongeza tabaka juu "uwe imara". Miaka mitatu ulipendeza. Wa nne ukaanza kupukutika mwezi wa nane, upande mmoja kwanza. Nilipochimba nilikuta shingo iko chini kiganja kizima, gome limelainika kama mkate uliolowa, na mzizi mnene kama kidole gumba umelizunguka shina robo tatu.

Kigingi si lazima. Ukikiweka kwa ajili ya upepo, funga kwa utepe mpana, uache shina litikisike kidogo, na ukiondoe baada ya mwaka.

Maji kiasi gani?

Kipimo kizuri cha kuanzia: lita 40 kwa wiki kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina, kwa msimu wa kwanza. Mimina polepole juu ya donge lenyewe, maana ndipo mizizi yote ilipo. Kisha ingiza kidole udongoni kina cha sentimita 5 hadi 8. Pakiwa pabichi, subiri; pakikauka, mwagia. Mvua ndogo inayolowesha vumbi tu usiihesabu.

Mwaka wa pili punguza. Kwa kawaida mti unahitaji mwaka mmoja wa kuhudumiwa kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo mti mnene hauokoi muda; mche mwembamba mara nyingi huupita. Hata mti uliokomaa, ukame ukizidi wiki tatu, upe maji ya kutosha mara moja kwa wiki.

Matandazo niyaweke vipi?

Chipsi za mbao au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, duara pana kadiri bustani inavyoruhusu. Yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja. Kile kichuguu unachokiona barabarani, matandazo yamepandishwa shinani hadi kimo cha goti, ni njia nyingine ya kuzika mti. Gome huoza na panya hujificha humo wakilitafuna wakati wa baridi.

Faida kubwa ya duara hili hata si unyevu. Ni kwamba mashine ya kukata nyasi haifiki shinani. Gome la mepo mwekundu mchanga ni jembamba kama ganda la ndizi, na kamba ya mashine ikilizungukia mara mbili tatu mti umekwisha.

Mbolea?

Mti mpya, hapana. Mti mkubwa uliopo kwenye nyasi zinazotiwa mbolea tayari unakula sahani ya nyasi. Pima udongo kwanza.

Majani ni ya njano lakini mishipa imebaki ya kijani. Ni ugonjwa gani?

Si ugonjwa, ni njaa. Katika mepo mwekundu kinachokosekana mara nyingi ni madini ya manganizi, na sababu ni kwamba udongo una alkali: madini yamo, ila yamefungwa, mizizi haiwezi kuyachukua. Watu hukimbilia madini ya chuma kwa sababu wamezoea mialoni, ambayo mara nyingi hukosa hayo, kisha wanashangaa majani hayabadiliki.

Pima pH na upeleke jani likachunguzwe kama kuna maabara. Salfa hushusha pH polepole, kwa miezi na miaka, na penye mawe ya chokaa haishindi kamwe. Kunyunyizia manganizi majani au kuiingiza shinani huleta kijani kwa muda, kisha unarudia. Ukweli mchungu: mti uliopandwa karibu na msingi wa nyumba, ambako chokaa ya saruji na kokoto huingia udongoni kila mvua inyeshapo, utakusumbua maisha yake yote. Ukiwa bado mdogo, uhamishe.

Kingo za majani zimekauka rangi ya kahawia.

Jani linapoteza maji kuliko mizizi inavyoleta. Kwanza angalia unyevu, kisha angalia shingo ya mti kama imezikwa au imekabwa, kisha fikiria chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Mti huu hauipendi. Kama ni tawi moja moja linalonyauka ghafla, kata kijiti na utazame mbao yake ya ndani. Michirizi ya kijani kibichi-kahawia ni dalili ya ukungu wa vertisilio unaotoka udongoni. Hauna dawa. Kata yaliyokufa, mpe mti maji. Mingine hupona yenyewe.

Kwa nini mwaka huu haukuwa mwekundu?

Rangi ya njano imo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani. Kijani kikiondoka inaonekana. Nyekundu ni tofauti. Hiyo hutengenezwa upya mwishoni mwa msimu, kutokana na sukari iliyobaki jani linapojifunga. Siku zenye jua kali zikifuatwa na usiku wa baridi isiyogandisha, sukari hurundikana na wekundu huja. Mawingu ya wiki mbili, joto la usiku, au barafu ya ghafla huiharibu. Hapo huna la kufanya ila kungoja mwaka mwingine.

Unachoweza kubadilisha ni mambo mawili: kivuli, na nitrojeni nyingi. Na kama mti wa mbegu umekuwa wa njano miaka mitano mfululizo, hiyo ndiyo rangi yake.

Tahadhari moja. Mti unaotangulia wenzake kuwa mwekundu, mwezi wa saba au wa nane, na majirani wakausifu, mara nyingi unaumwa. Nenda shinani ukachimbe.

Nipogoe lini? Nilikata mwezi wa pili na mti unalia.

Utamwaga utomvu mwingi, ndiyo. Mwishoni mwa baridi shinikizo la maji ndani ya mepo huwa kubwa na jeraha hutiririka kwa siku kadhaa. Inatisha machoni lakini haiudhuru mti. Usipake lami wala rangi. Asiyependa kuona hivyo apogoe katikati ya majira ya joto, majani yakishakomaa.

Kazi kubwa ni ya miaka kumi ya kwanza. Mepo huotesha matawi yakitazamana, kwa hiyo kichwani mara nyingi hutoka vichwa viwili vyenye nguvu sawa, vikibanana kwa pembe kali na gome likimezwa katikati. Hapo ndipo mti utakapopasuka siku ya dhoruba, ukiwa na miaka thelathini. Chagua kichwa kimoja, kingine kifupishe au ukiondoe kingali chembamba kama kidole. Kata nje ya kile kivimbe cha shingo ya tawi, si sambamba na shina. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka.

Majani yametoka vipele vyekundu. Na wadudu wengine je?

Vipele vidogo kama vichwa vya pini, kwanza vya kijani, kisha vyekundu, kisha vyeusi, ni kazi ya utitiri. Havidhuru chochote. Achana navyo.

Madoa meusi kama matone ya lami ni ukungu. Zoa majani yaliyoanguka, basi. Vipele vya kijivu vilivyoganda kwenye gome la matawi hadi tawi likakwaruza mkono ni wadudu gamba, na hao ni wa kuangaliwa. Kusini mashariki ya Marekani kuna gamba mmoja anayezaana vibaya kwenye miti iliyozungukwa na lami na saruji, kwa sababu joto la mjini linamfaa yeye huku likiutesa mti. Mafuta ya bustani wakati wa baridi husaidia, kupanda mti penye udongo wazi husaidia zaidi.

Tundu la mviringo kamili kwenye shina, unene wa penseli au zaidi, ni jambo la dharura. Mbawakawa wa Asia mwenye pembe ndefu, mweusi mwenye madoa meupe, aligunduliwa Marekani mwaka 1996 huko New York na anaua mepo za kila aina. Ukimwona, usitibu mwenyewe; piga picha na uwaarifu wanaosimamia afya ya mimea.

Gome limepasuka kutoka juu hadi chini upande wa kusini magharibi.

Jua la kipupwe hulipasha gome alasiri, usiku hulipiga baridi, chembe hai hufa. Funga shina changa kwa kitambaa cheupe majani yakipukutika, kifungue macho yakiamka. Ufa uliokwisha kutokea usiujaze kitu.

Mizizi imetokeza juu ya nyasi. Niikate au niifukie?

Vyote viwili hapana. Ukikata unauondolea mti chakula na nguzo. Ukifukia, unarudi kwenye hadithi ya kuzika. Acha nyasi, tandaza matandazo mepesi juu, sogeza mashine mbali.

Ni kweli una sumu?

Kwa farasi, ndiyo, na si ya mchezo. Majani mabichi yaliyo mtini hayana hatari kubwa. Yaliyonyauka au kukauka ndiyo yanayoua, kwa kuvunja chembe nyekundu za damu. Kiasi cha gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama kinatosha kumuumiza, na gramu 3 kumuua. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni kilo 1.35, tawi moja lililoangushwa na upepo malishoni. Dalili ni uchovu, ufizi wa rangi ya udongo, na mkojo mwekundu mweusi. Mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Usipande mepo mwekundu kando ya zizi la farasi, na usitupe matawi uliyopogoa upande wa pili wa uzio.

Unatoa shira kama mepo wa sukari?

Unatoa. Utomvu wake kwa kawaida una sukari kidogo zaidi, kwa hiyo utachemsha lita 50 au zaidi kupata lita moja, wakati wa mepo wa sukari huhesabiwa 40. Pia macho yake huamka mapema, na yakianza kuvimba shira hubadilika ladha, hivyo msimu ni mfupi. Usitoboe mti wenye kipenyo chini ya sentimita 25.

Mti una miaka kumi na sasa ndiyo nimejua niliuzika. Nimechelewa?

Huenda hujachelewa. Angalia kwanza umbo la shina: likizama ardhini wima kama nguzo ya simu, bila kutanuka, limezikwa. Likiwa bapa upande mmoja, kuna mzizi umelikaba upande huo.

Chagua siku ya mapema, kabla macho hayajafunguka. Fukua kwa mikono, fimbo butu na maji ya mpira, usitumie jembe karibu na gome. Ukifika kwenye shingo, acha pakae wazi, beseni la upana wa nusu mita kuzunguka shina, na usilijaze tena. Mzizi mwembamba unaovuka shina ukate kwa patasi. Mnene kuliko gumba uliokwisha kuzama ndani ya gome ufikirie mara mbili: ukikaba chini ya robo ya mzunguko, mara nyingi ni heri kuuacha, ukizidi nusu, mwite mtaalamu wa miti, na muikate mizizi kwa awamu, mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao. Msimu wa joto utakaofuata upe mti maji kama vile umeupanda jana, kisha mwezi wa nane uangalie kama bado ni wa kijani.